MASTAA WA KUPIGA PICHA KWENYE NDEGE, MUACHENI DOGO WA KAMBARAGE ANAYETENGENEZA NDEGE!

Mimi leo nimeamka na jambo moja tu kifuani. Sitataja jina la mtu. Mhusika akijiona humu ndani, ajue ni yeye.

Ile klipu mmeiona wote, hata wale mnaosemaga hamfuatiliagi umbea. Sekunde 14. Dogo wa Kambarage hapa Shinyanga mjini, yupo kidato cha nne, amesimama kwenye majaruba makavu nje ya mji na rimoti mkononi. Ndege yake kubwa ya rangi ya fedha inakimbia chini, inanyanyuka, inapinda kushoto, halafu pua inageukia ardhini. Puuu! Mwisho wa klipu.

Ukurasa mmoja mkubwa wa vichekesho ukaichukua bila hodi. Wakabandika sauti ya punda, wakaandika "Msukuma na ndege wapi na wapi", na chini yake wakaweka tangazo la kubeti. Nasema tena: TANGAZO LA KUBETI. Yaani anguko la mtoto wa watu limelipiwa, hela imeingia mfukoni mwa mtu, na dogo hata jina lake halijawekwa.

Haikutosha. Akaja staa mmoja wa Bongo Fleva na vikaragosi vya kucheka mstari mzima, akaandika mleteni huyo dogo apande jeti yangu aone ndege inafananaje. Jeti yako? Kaka yangu, sisi mashabiki tuna macho. Ile ndege uliyopiga picha kwenye ngazi yake, mwenzako naye alipiga picha kwenye ngazi hiyo hiyo, namba za ubavuni zile zile, tofauti ni miwani tu. Hatukusema kitu kwa sababu kuuza sura ni kazi yako na hatukuonei wivu. Lakini mtu anayepiga picha na ndege iliyozimwa anapata wapi mdomo wa kumcheka aliyeinyanyua ya kwake hewani?

Sasa ngoja niwaambie kile ambacho klipu haikuonyesha, maana mimi naishi mtaa huu na ile ndege nimeiona ikizaliwa.

Ile ni Mustang, ndege ya kivita ya Wamarekani, ile iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Ya kweli ina mabawa ya mita 11 na kidogo. Ya dogo ni mita 1.9 toka ncha ya bawa moja hadi nyingine, yaani karibu moja ya sita ya ile halisi. Hajanunua boksi lenye kila kitu ndani akafunga skrubu. Alichukua mchoro mtandaoni, akaukuza kwa rula na penseli kwenye karatasi za sukari zilizounganishwa kwa gundi. Bodi ameichonga kwa yale maboksi meupe yanayosafirishia minofu ya samaki toka Mwanza. Uti wa bawa ni mwanzi. Na vile vyuma vyembamba vinavyovuta usukani wa mkia na vipande vya nyuma ya bawa ni spoku za baiskeli! Shinyanga hii ya baiskeli, spoku zipo kila kona, lakini ni nani mwingine aliwahi kuitazama spoku akaona ndege?

Mota, betri, rimoti na zile mota ndogo za kugeuza usukani aliagiza China, kimoja kimoja, kwa hela ya kutengeneza simu za watu. Imemchukua zaidi ya mwaka. Ilipoisha ikawa na kilo 4 na nusu.

Na ilianguka kwa nini? Hapa ndipo wachekaji walipoumbuka bila kujijua. Ndege yenye propela moja puani ina tabia yake. Propela ikizunguka kwenda kulia, mwili mzima unataka kulala kushoto. Ukiongeza moto ghafla, inavutwa kushoto kwa nguvu, hivyo unatakiwa uongeze taratibu huku unaishika kwa usukani wa kulia. Hizi ndege za kivita za zamani zinakaa na mkia chini, propela kubwa, pua ndefu, ndio wasumbufu kuliko wote. Marubani wa kweli walikufa wakati wa kujifunza kuzipaisha.

Jambo la pili ni kitovu cha uzito. Ndege ukiibeba kwa vidole viwili chini ya mabawa lazima itulie sehemu maalum, kwa kawaida karibu robo au theluthi ya upana wa bawa ukipima toka mbele. Ya dogo ilikuwa nzito nyuma kidogo. Ikinyanyuka, pua inapanda kuliko anavyotaka, kasi inashuka, bawa linashindwa kuibeba, upande mmoja unadondoka. Ndicho mlichokiona. Dogo alilijua hilo kabla hata hajaokota vipande. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi akaandika kwenye daftari: betri isogezwe mbele, risasi ya uzito kwenye pua, moto uongezwe polepole. Hiyo inaitwa ndege ya majaribio wadau. MAJARIBIO. Mnacheka neno ambalo lipo kwenye jina lenyewe.

Mnawajua ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright? Walikuwa mafundi baiskeli. Kama mafundi wetu wa hapa stendi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na cheti cha kumaliza sekondari. Tarehe 17 Desemba 1903 walirusha ndege yao kwa mara ya kwanza. Ilikaa hewani sekunde 12, ikaenda mita 36 hivi. Siku hiyo hiyo, baada ya kuruka mara ya nne, upepo ukaibeba ikiwa chini, ukaipindua, ikavunjika, na haikuruka tena. Sasa vuta picha kuwe na Insta siku ile. Ule ukurasa ungewawekea sauti ya punda na mkeka wa mechi sita, halafu leo yule staa asingekuwa na ngazi ya kupigia picha.

Tatizo letu sio kucheka, mimi mwenyewe napenda kucheka. Tatizo ni tunachagua nani wa kumcheka. Kijana wa hapa akiacha shule akaenda machimboni, Mwakitolyo au Nyarugusu kule Geita, akashuka kwenye duara miezi minane asipate hata pointi moja ya dhahabu, tunasemaje? Tunasema anatafuta, Mungu atamfungulia. Hakuna anayempigia sauti ya punda, na duara linaweza kumfukia kabisa. Stand United, chama letu la wana, walishuka Ligi Kuu mwaka 2019. Tuliumia, lakini tuliendelea kwenda pale uwanjani Kambarage kuwashangilia. Mchimbaji anaruhusiwa kukosa, timu inaruhusiwa kushuka daraja. Dogo aliyekaa mezani na rula mwaka mzima, sekunde 9 za kwanza hewani tayari ni mjinga?

Na kuna huyu mwingine nisimsahau, mheshimiwa wetu. Klipu ilipotrendi akaja mtaani na watu wa kamera. Akashika kipande cha bawa, akapiga picha, akasema mbele ya watu kuwa dogo atasomeshwa na ataunganishwa na wataalamu. Makofi. Gari likaondoka. Toka siku ile namba aliyoacha msaidizi wake inaita mpaka inakata. Mheshimiwa, kama ulikuja kwa ajili ya picha ungesema tu ni picha, tungekupanga vizuri upande wenye mwanga.

Mnajua kilichofuata nyumbani? Baba yake ni mtu wa heshima zake, muuza duka, hana mambo ya mitandao. Watu wakawa wanaingia dukani wanalia kama punda halafu wananunua sabuni. Siku tatu. Siku ya nne akamwambia mwanae hivyo vidude vitoke ndani ya nyumba yangu. Dogo amempa rafiki yake mota akamuuzie. Lile daftari sijui lipo wapi. Hapo ndipo utani wenu ulipofika, na mpaka sasa hakuna aliyerudi kusema samahani.

Najua wajuaji mtakuja na hoja, tuzimalize hapa hapa.

Ya kwanza: "Sheria hairuhusu." Sheria ipo na mimi sio wa kuivunja. Toka mwaka 2018 nchi ina kanuni za ndege zisizo na rubani, na kibali kinaombwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ina maana. Kitu cha kilo 4 na nusu chenye propela kikikupata kichwani hakuna cha kuomba radhi, na pale Ibadakuli kuna uwanja wa ndege ambao hata mtoto anajua usichezee jirani yake. Ila nijibuni swali dogo. Kwenye harusi za mastaa na uzinduzi wa albamu zenu, drone zinapita juu ya vichwa vya wageni na sahani za pilau. Kuna hata mmoja wenu aliwahi kuuliza kibali kipo wapi? Sheria mmeikumbuka kwa mtoto wa Kambarage tu.

Ya pili: "Kwanini ndege ya vita, anataka kumpiga nani?" Hii nilimsikia mzee mmoja, na yeye namuelewa. Wazee wa kanda hii wanakumbuka Vita ya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin ilikuja kuilipua Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Mzee akisikia ndege ya vita anasikia hiyo. Shikamoo yake. Lakini ya dogo haina risasi wala bomu, ni fomu ya samaki na mwanzi. Amechagua Mustang kwa sababu ni ngumu, basi. Mtoto akichora simba haina maana anataka kula watu.

Ya tatu ndio inaniudhi zaidi: "Hiyo ni michezo ya matajiri, atengeneze kitu cha maana." Wadau, mwaka 2018 hapo Mwanza, masaa machache kwa basi toka hapa, Wajerumani wa DHL na Wingcopter walijaribu ndege isiyo na rubani kupeleka dawa Ukerewe. Kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40, wakati kwa barabara na kivuko ni safari ya kama masaa sita. Ile ndege ina mabawa, mota, betri, mota ndogo za usukani, na kitovu cha uzito. Vitu vile vile vilivyokuwa mezani kwa dogo. Tofauti ni kwamba wao wakianguka kwenye majaribio wana ripoti ya kuandika, sisi wa kwetu akianguka tuna punda. Halafu kesho mgodi ukitaka mtu wa kurusha drone kupima shimo, tunalalamika wageni wanachukua ajira zetu.

Kwahiyo nataka nini? Sio maandamano.

Wenye ule ukurasa: ondoeni klipu, au bakisheni na jina la dogo, na hela ya lile tangazo mpeni. Ni jasho lake. Staa: hatutaki umpandishe jeti, posti picha yake mara moja tu ukisema huyu ametengeneza ndege. Wafuasi wako watamwona, na baba yake ataiona. Mheshimiwa: pokea simu.

Na walimu wetu wa fizikia, na VETA yetu ya hapa Shinyanga: kibali akiomba mtoto mmoja wa miaka 17 ni mlima, lakini ikiomba taasisi yenye mhuri ni barua. Anzisheni kikundi, tafuteni eneo la wazi mbali na watu na mbali na Ibadakuli, wekeni siku moja ya mwezi na mtu mzima wa kusimamia. Serikali ina mashindano ya ubunifu ya MAKISATU, Geita wana maonyesho yao ya teknolojia ya madini kila mwaka. Dogo anastahili meza pale kuliko wengi wanaopelekwa kugawa vipeperushi.

Mwenye kumjua yule rafiki aliyepewa mota, mwambieni asiuze kwanza. Mimi nimeshaanza kuchangisha mtaani tuinunue tuirudishe, na maboksi ya samaki nimeshaongea na mama mmoja sokoni ametuwekea manne. Bado la baba, hilo wazee wa mtaa wamesema watalikalia Jumapili baada ya ibada.

Dondosheni komenti. Mnaobisha bisheni kwa hoja, anayelia kama punda nafuta.