Bibi Akianguka, Msimkande

Ndugu zangu, mzee akiteleza bafuni, kinachotangulia kuletwa ni mafuta ya kuchulia, kisha anaitwa jirani anayejua kukanda. Nawaheshimu wakandaji; wamewatuliza wengi walioteguka. Lakini nyonga ya mzee haitaki kukandwa, na naomba mnisikilize kwa nini.

Mfupa wa paja huishia juu kwa kichwa cha mviringo kilichoingia kwenye kikombe cha nyonga. Kinachokiunganisha na paja ni shingo, nyembamba na iliyoinama. Sehemu kubwa ya damu ya kichwa hicho hutoka chini: mishipa huizunguka shingo kwenye shina lake, kisha matawi yake membamba hupanda yakiambaa na mfupa, ndani ya mfuko wa kiungo, mpaka kichwani. Kipo kimshipa kingine kinachopitia kwenye kano ya katikati ya kichwa, ila kwa mtu mzima hakileti damu ya kutosha. Basi shingo ikivunjika na vipande vikaachana, matawi yale huchanika, na kichwa hubaki kama kijiji ambacho barabara yake pekee imekatwa na mafuriko. Kisipopata damu hufa, na baada ya miezi kadhaa huweza kubonyea. Haya si mageni: Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza, aliyaandika mwaka 1822. Ndiyo maana mzee ambaye vipande vyake vimeachana mara nyingi huwekewa kichwa cha bandia badala ya kuungwa.

Mfupa ukivunjika chini kidogo ya shingo, habari ni nyingine. Hapo damu ni tele na mfupa huunga vizuri ukishikiliwa kwa chuma. Lakini damu hiyohiyo humwagikia ndani ya paja bila kuonekana, mzee akapauka huku sisi tukisema ni mshtuko tu. Vidole vya mkandaji haviwezi kutambua ni mvunjiko upi, eksirei inaweza.

Msiseme pia kwamba ameanguka kidogo. Mifupa ya uzeeni, hasa ya mama aliyekoma hedhi, hupungua ndani kimyakimya bila maumivu, na kujikwaa kwenye mkeka kunatosha kuivunja. Aliyewahi kuvunjika kifundo cha mkono kwa kuanguka vivi hivi alikwisha kuonywa. Mpelekeni akapimwe mifupa kabla nyonga haijavunjika.

Tazameni mguu: umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na unyayo umegeukia nje? Hata usipogeuka, maumivu ya kinena, au ya goti lisilo na jeraha, yanatosha kutia shaka. Wapo wanaotembea siku kadhaa wakichechemea kwa sababu vipande vimebanana. Siku vikiachana, mishipa iliyokuwa imesalimika huchanika nayo.

Kwa hiyo nawasihi: msimsimamishe mkimjaribu, msimvute mguu, na bodaboda msahau kabisa. Mwekeeni mto katikati ya miguu, ifungeni pamoja kwa khanga bila kukaza, mbebeni akiwa amelala, siku hiyohiyo. Uingereza mwongozo wa kitaifa unataka upasuaji ufanyike siku ya kulazwa au kesho yake, kwa kuwa kungoja kitandani huleta vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni. Najua fedha ni shida. Kikao cha ukoo cha kuchangishana kifanyike hospitalini, mzee akiwa amekwisha kupigwa picha.