Magofu ya Gedi Yasisomwe na Wageni Peke Yao

Mzazi wa Malindi au Kilifi akiambiwa na mwanawe kwamba huko chuo kikuu amechagua akiolojia na anthropolojia, yaani elimu ya mabaki ya kale na ya mila za watu, humuuliza kwanza: "Na hivyo vigae vyako, utaajiriwa na nani?" Swali hilo ni la haki. Karo ni ghali na kazi zenyewe ni chache.

Lakini, ndugu msomaji, tusipokwenda sisi huenda wengine. James Kirkman, Mwingereza, alianza kuchimba Gedi mwaka 1948. Tumshukuru, kwani alifukua msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Hata hivyo kitabu chake cha mwaka 1954 alikiita Gedi mji wa Kiarabu, na kwa jina hilo moja wenyeji wakawa kama wapangaji katika nyumba ya babu yao. Ilichukua miaka mingi wataalamu wengine kuonyesha kwamba ulikuwa mji wa Waswahili.

Zito zaidi ni makaburi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa pwani, ikiwemo ya Mtwapa. Ilionekana kwamba wengi wao, kwa upande wa mama, asili yao ni hapa hapa Afrika, na kwa upande wa baba wamo Waajemi. Wazee waliokuwa wakichekwa kwa kutaja Shirazi hawakuwa wakibuni, ingawa hao mabibi wa hapa walikuwa wakisahauliwa mno katika nasaba zao!

Mifupa hiyo ni ya Waislamu waliozikwa wakielekezwa Kibla. Anapofunguliwa maiti, nafikiri ni haki awepo pale, na cheti chake mkononi, kijana aliyelelewa akijua heshima ya kaburi. Tena kijana huyo huyo akienda kumhoji mzee wa Mambrui au wa kaya ya Wagiriama, hahitaji mkalimani, na anajua lipi huulizwa barazani na lipi haliulizwi.

Mwaka 2024 UNESCO iliingiza Gedi katika orodha ya urithi wa dunia, na watafiti watazidi kuja. Basi kamati zetu za basari zinapokaa kugawa fedha, zisilipitie mbio ombi la yule aliyeandika akiolojia kwa kuwa tu hakuandika udaktari au uhandisi.