SARUJI SI DAWA YA KUTA ZETU



Kila masika hutufikia malalamiko yale yale kutoka Mji Mkongwe: lipu mpya imetuna, imebanduka, na uso wa jiwe umebanduka nayo. Lipu hiyo ni ya saruji. Tunauliza: ni nani aliyeamrisha saruji ipakwe juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa?

Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya tanu la kuni, wakaizima kwa maji, wakaiacha ilale majuma kadha wa kadha kabla ya kuitumia. Huo haukuwa ushamba. Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Unyevu hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi, na mvua huingia kutoka juu. Chokaa ni laini na ina vitundu, basi unyevu hupita ndani yake ukatoka nje, na chumvi huishia katika lipu, ambayo ni rahisi kuibandua na kuipaka upya. Ukuta ukicheza kidogo, chokaa hufuatana nao.

Saruji haifanyi hata moja katika hayo. Ni ngumu kuliko jiwe inaloshikana nalo. Hupasuka, maji yakaingia katika ufa, yakakosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kulila jiwe, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza kimya kimya. Mpangaji huona ukuta mzuri, kumbe dari iliyo juu ya watoto wake ndiyo inayooza.

Tunaambiwa saruji ndiyo maendeleo. Ajabu! Hataza ya saruji ya Portland ilitolewa Uingereza mwaka 1824. Basi imeizidi umri hata Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883. Tunaambiwa pia chokaa huchelewesha kazi. Hilo ni kweli, wala hatufichi kuwa tanu hula kuni nyingi. Lakini kupaka, kubandua na kupaka tena ni ghali zaidi, na anayelipa si mkandarasi.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hatusemi kuwa saruji ndiyo iliyoiangusha. Jumba lile lina vyuma na mambo yake mengine. Tunasema kuwa tangu siku ile hakuna mwenye mamlaka awezaye kudai hakujua kwamba majumba haya yakipuuzwa huua.

Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Nyumba nyingi humo ni za Serikali na za Wakfu, na wapangaji ni watu wetu. Tunataka kila mkataba wa matengenezo uitaje chokaa kwa jina. Mafundi wazee walipwe kuwafundisha vijana. Na msimamizi aje auguse ukuta kwa mkono wake kabla ya hundi kutiwa saini. Jibu tunalingojea, na ukurasa huu uko wazi kwa yeyote atakayetaka kulitoa.