Fufua kompyuta kongwe bila ya kuinunua

VIJANA wengi wanaofungua intaneti kila siku hawajui kwamba programu ya kwanza ya kusomea kurasa za wavuti haikuandikwa kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini. Iliandikwa mwaka wa 1990 na Mwingereza Tim Berners-Lee, katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, kwenye mashine nyeusi iliyoitwa NeXT. Mashine hiyo ilibandikwa karatasi yenye onyo la wino mwekundu kwamba isizimwe, kwani ndiyo iliyokuwa seva na kuizima kungewakatiza wote waliokuwa wakisoma kurasa zake.

NeXT ilikuwa weksteshoni, yaani kompyuta iliyotengenezewa wasomi, wahandisi na wanasayansi, yenye uwezo kupita zile za nyumbani. Kampuni hiyo ilianzishwa na Steve Jobs mwaka wa 1985 baada ya kuondoka Apple, na kompyuta yenyewe ikazinduliwa Oktoba 1988. Ilikuwa mchemraba wa futi moja kila upande, ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 8 tu na bei ya dola 6,500 za Marekani. Si ajabu kwamba wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka wa 1993 kampuni ikaacha kuunda mashine.

Hata hivyo, matunda yake tunayala hadi leo. Mchezo wa Doom, uliowatia vijana wazimu kuanzia 1993, ulitungwa kwenye kompyuta za NeXT. Desemba 1996, Apple ilitangaza kwamba itainunua kampuni hiyo, na mfumo wake wa NeXTSTEP ukawa msingi wa Mac OS X iliyotoka 2001.

Sasa, msomaji, hebu tujiulize: mashine hizi zikiisha, kazi zilizofanywa ndani yake zitasomwaje? Kitabu cha babu hufunguliwa tu kikasomeka, lakini faili ya kompyuta hudai mashine iliyoizaa, au nyingine inayoifahamu. Nazo mashine za miaka ya themanini zinaendelea kufa. Diski zinakwama na betri zinavuja. Hapo ndipo emuleta inapokuja kuokoa jahazi.

Emuleta ni programu inayoigiza chipu, kumbukumbu, diski na skrini ya mashine ya zamani, hata mfumo kongwe ukaamini uko nyumbani kwake. Ya kuigiza NeXT huitwa Previous. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kila agizo la chipu ya zamani ya Motorola hapana budi litafsiriwe, kwa hivyo kompyuta yako ikiwa dhaifu utaona mambo yakijikokota.

Vitu vitatu

Mwanafunzi anayetaka kujaribu anahitaji vitu vitatu. Kwanza ni emuleta yenyewe. Pili ni faili ya ROM, yaani maagizo ya awali ambayo mashine huyasoma inapowashwa tu. Tatu ni taswira ya diski, faili moja kubwa iliyobeba diski nzima pamoja na mfumo wa NeXTSTEP. Ukishavipata, bonyeza F12 ndani ya Previous ili menyu ifunguke, kisha uchague aina ya mashine, ROM na diski.

Wengi hukwama papa hapa, wakadhani emuleta ni mbovu. Mara nyingi kosa huwa ni kuoanisha vitu visivyopatana. Mchemraba wa 1988 ulitumia chipu ya Motorola 68030 na ROM za toleo la 1. Mashine zilizofuata kuanzia 1990, zenye chipu ya 68040, zilitumia ROM za toleo la 2, na zile zilizoitwa Turbo zikatumia toleo la 3. Vilevile, NeXTSTEP 1.0 haiijui kabisa chipu ya 68040. Mashine hizo zinataka toleo la 2.0 au la baadaye. Kwa anayeanza, njia nyepesi ni kuchagua mashine ya 68040 isiyo ya Turbo, ROM 2.5 na NeXTSTEP 3.3.

Inapokataa kuwaka

Tatizo la pili ni mashine kuwaka, kisha ikasimama kwenye neno NeXT> bila ya kuendelea. Usiogope. Inangoja uiambie iuchukue mfumo kutoka wapi. Andika bsd, ubonyeze Enter, nayo itaisoma diski. Ikishindwa, rudi kwenye menyu uhakikishe kwamba diski imewekwa nafasi ya kwanza, ile yenye nambari 0. Angalia pia kama faili ya diski ingali imefungwa kwa zip, au kama kompyuta yako imeikataza isiandikwe. Na unapojiundia diski mpya, usizidishe gigabaiti 2. Mifumo ya enzi hizo haikuzoea diski kubwa kama za siku hizi.

La tatu huwachanganya hata wazoefu. Mfumo unaanza vyema, halafu unatulia dakika baada ya dakika kana kwamba umelala. Kumbe unatafuta seva ya mtandao! Weksteshoni hizi zilizoea kuishi vyuoni, mahali ambapo majina ya watumiaji yalitunzwa kwenye kompyuta nyingine. Kwako hakuna seva kama hiyo. Ukisoma maandishi kwenye skrini utaona umeruhusiwa kubonyeza herufi c ili uendelee bila ya mtandao.

La nne ni la kujitakia. Mtu akichoka huifunga Previous ghafla, kama anayefunga redio. Mfumo huu una asili ya Unix, na ukikatwa hivyo diski yake huweza kuharibika. Toka kwanza kwenye akaunti yako, kisha uzime mashine kutoka ndani ya NeXTSTEP kwenyewe. Tena, ifanyie taswira ya diski nakala mapema, uiweke kando.

Juu ya hayo yote, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukiandika daftarini ulichogusa na kilichotokea. Anayebadilisha ROM, diski na kumbukumbu kwa mpigo hatajua kamwe ni kipi kilichomponya au kumwangusha. Mwenda pole hajikwai.

Jambo moja tusilifumbie macho. Previous ni ya bure, lakini NeXTSTEP ina wenyewe, na haki zake zilikwenda Apple pamoja na kampuni. Uzee wa programu haufuti haki za mwenyewe. Kabla ya kuchukua nakala mahali popote, chunguza ruhusa yake.

Na asiye na muda wa kuhangaika na ROM asife moyo. Mwaka wa 2019, CERN iliwakusanya wataalamu wakaiunda upya ile programu ya Berners-Lee, ili ifunguke ndani ya kivinjari cha kawaida. Ukae nayo pamoja na watoto wako dakika kumi, waone wavuti ulivyokuwa ulipozaliwa. Lakini yule kijana anayesomea kompyuta, nitamshauri apitie njia ndefu. Mashine inayokataa kuwaka, ukaitafutia sababu hadi ikawaka, itakufundisha namna kompyuta inavyoamka kuliko kurasa nyingi za vitabu. Na siku mtu atakapokuletea diski ya mwaka wa 1991 akilia kwamba kazi yake imepotea, utajua pa kuanzia.