Ndondi za kulipwa na kisa cha Wangila

Kijana wa Kipungani, kijiji cha wavuvi na wasusi wa mikeka kisiwani Lamu, akitaka kuwa bondia wa kulipwa hana budi kuvuka bahari kutafuta ukumbi wa mazoezi. Mfano atakaopewa huenda ukawa Robert Wangila Napunyi, lakini nusu tu ya habari zake.

Nusu hiyo ni ya fahari. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Wangila alimshinda Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili na kutwaa dhahabu ya uzani wa welta. Hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyewahi kuipata.

Nusu ya pili ilitokea Las Vegas, Marekani. Julai 22, 1994, refa Joe Cortez alisimamisha pambano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba angali na nguvu. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Akafariki Julai 24, akiwa na umri wa miaka 26.

Malalamiko hayo ndiyo yenye kutisha. Ndondi za ridhaa za enzi ya Seoul zilikuwa za raundi tatu. Za kulipwa hufika 12, na asiyepigana hapati kitu. Bondia aliyeumia ubongo hawezi kujipima, na njaa humzidishia ukaidi. Kwa hiyo wa kuulizwa kabla ya mkataba kutiwa saini si promota anayetaja kitita, bali daktari, na mtu wa kona mwenye ujasiri wa kurusha taulo.