Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tuutumie usemi huo kupimia jambo lililokwisha kupiga hodi katika nyumba nyingi za Mkoa wa Kagera, mjini Bukoba na wilayani Muleba: kamari inayoruhusiwa na sheria.

Kwa Serikali jambo hili si geni. Mwaka 1974 ilitungwa Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, na mwaka 2003 ikafuata Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo husimamiwa na Bodi yake. Mwaka 2017 kazi ya kukusanya kodi ya michezo hiyo ilikabidhiwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ikaamuliwa kwamba sehemu ya kodi ya ubashiri wa mpira iende katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kwa hiyo Serikali inalo daftari lake, na mapato yake huandikwa. Je, daftari la nyumbani liko wapi?

Hebu tulifungue. Kampuni hutozwa kodi katika mapato ghafi, yaani fedha zinazosalia baada ya washindi kulipwa. Fedha hizo si kitu kingine ila hasara ya wachezaji. Tuchukue mfano wa kodi ya asilimia 25. Ili Hazina ipate shilingi 100, ni sharti wananchi wawe wamepoteza shilingi 400. Shilingi 100 ikijenga zahanati, ni jambo jema. Lakini zile 400 zilikuwa sare ya mtoto, sabuni na kodi ya chumba pale Kashai au Hamugembe, na hakuna afisa anayeziandika.

Zamani mkeka ulikuwa wa kulalia. Siku hizi vijana huita mkeka orodha ya mechi walizobashiri. Anayebashiri mechi 10, kila moja ikiwa na nafasi nusu kwa nusu, ana nafasi moja tu katika 1,024 ya kuzipata zote. Mfanyakazi anayetoa shilingi 1,000 kila siku kwa ajili hiyo atakuwa ametoa shilingi 365,000 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni cha mwenye kampuni.

Katika mkoa wetu hatari hii ina njia zake. Mvuvi wa dagaa katika visiwa vya Muleba hufanya kazi usiku wa giza; mbalamwezi ikitoka, hupumzika akiwa na fedha mfukoni na siku nyingi za kukaa bure. Mkulima naye anaijua butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Mtu aliyepoteza fedha na kutaka kuzirudisha haraka ndiye windo jepesi la mnunuzi wa butura. Akishaiuza, familia huvuna kahawa ambayo si yake tena.

Wapo watoto pia. Sheria hairuhusu mwenye umri chini ya miaka 18 kucheza. Hata hivyo mashine ya sarafu, ambayo vijana huiita dubwi, haimuulizi mtoto umri wake. Hiyo ni kazi ya mwenye duka na ya viongozi wa mtaa.

Mwezi Januari 2019 jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya Mutukula, walitangaza kuacha kutoa leseni mpya kwa kampuni za kigeni za kamari. Mwezi huo huo Tanzania ilisimamisha matangazo ya kamari redioni na katika televisheni. Hii yaonyesha kwamba Serikali ikitaka kusema husema. Hatudai kodi hiyo ifutwe. Tunachosema ni kwamba anayepokea fungu katika hasara ya wananchi ana wajibu wa kuihesabu hasara hiyo, na wa kuiondoa kila mashine inayochezewa na watoto.

Nasi nyumbani tuanze. Jumapili jioni baba na mama waketi pamoja waandike kilichoingia, kilichotumika, na kilichokwenda kwenye mkeka. Safu hiyo ya tatu isifichwe. Aliyezidiwa asitukanwe wala asichekwe. Aketishwe na wazee au rafiki anayemwamini, na mshahara wake ushikwe na mwenzake mpaka mkono utulie.