UCHAMBUZI: Roboti ikikuomba usiizime, utaizima?

Mwaka wa 2024 mkahawa mmoja mtaani Kileleshwa, Nairobi, ulivuma mitandaoni kwa sababu ya wahudumu wake wapya: roboti. Wateja walikuwa wakitoa simu kurekodi jinsi chakula kinavyojileta chenyewe hadi mezani. Lakini ukizitazama video hizo kwa makini utaona kuwa wahudumu binadamu hawakwenda popote. Roboti inabeba, wao ndio wanaotoa sahani na kukuwekea mbele yako.

Sasa swali la ngeli, lile somo ulilolikimbia sekondari. Utasema roboti “amekuja” au roboti “imekuja”? A-WA ni ngeli ya wenye uhai. I-ZI ina kina meza, simu na sufuria. Kiswahili hakikuachii nafasi ya kukaa katikati, kwa kuwa kila kitenzi kinakudai uamue. Na wengi wetu, roboti ikishatusalimia tu, tunateleza na kusema “amekuja”.

Huo mtelezo mdogo ndio wanasayansi wanaochunguza mawasiliano ya binadamu na roboti wamekuwa wakiufuatilia kwa miaka mingi. Matokeo yao yanafaa kukutia wasiwasi kidogo: kitu kikituongelesha, tunakiamini kabla hakijafanya lolote la kustahili imani hiyo.

Kisa cha kwanza hata hakikuhitaji roboti yenye mikono. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, wa taasisi ya MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu ya kompyuta iliyoigiza mshauri wa kisaikolojia. Mbinu yake ilikuwa rahisi ajabu. Ukiandika kwamba umekosana na mamako, inachukua maneno yako na kuyageuza swali: hebu nieleze zaidi kuhusu familia yako. Haikuwa ikielewa chochote. Lakini katibu wa Weizenbaum, ambaye alijua vizuri kuwa ile ni programu tu, alipoanza kupiga stori nayo alimwomba bosi wake atoke chumbani. Alitaka faragha! Weizenbaum alishtuka, na baadaye akawa mmoja wa watu waliopaza sauti zaidi kuonya kuhusu kompyuta zinazopewa kazi za kibinadamu.

Kisa cha pili ni cha Ujerumani. Mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen walichapisha jaribio walilofanya na watu 89. Kila mmoja aliketi na Nao, roboti ndogo yenye kimo cha sentimita 58, wakafanya kazi pamoja, kisha akaambiwa anaweza kuizima akitaka. Kwa watu 43, roboti ilianza kuomba isizimwe, ikidai kuwa inaogopa giza. Watu 13 kati ya hao walikataa kabisa kuizima. Wengine waliizima, lakini kwa kusitasita, wakichukua muda mrefu kuliko wale ambao hawakuombwa kitu. Kumbuka, ule “woga” ulikuwa sentensi tu zilizoandikwa na mtu na kuwekwa ndani ya mashine.

Utasema hiyo ni huruma tu, na huruma haiui mtu. Haya, tuende Atlanta, Marekani. Mwaka wa 2016 watafiti wa Georgia Tech waliwaalika watu kwenye jengo, roboti ikawaongoza hadi chumba cha mkutano. Kwa baadhi yao roboti ilifanya kazi ovyo makusudi, ikipotea njia na kuwazungusha. Kisha, bila wao kuambiwa mapema, ukumbi ukajazwa moshi wa kuigiza na king’ora kikalia. Roboti ikaelekeza upande tofauti na mlango waliojua, ule walioingilia. Watu wote 26 waliokuwa kwenye jaribio hilo waliifuata, wakiwemo wale walioiona ikiboronga dakika chache tu zilizopita. Noma sana.

Kwa nini? Fikiria hivi. Tangu binadamu awepo, kitu kilichokujibu kwa maneno kilikuwa binadamu mwenzako. Masikio yetu hayajawahi kuhitaji kuuliza, “Huyu ni mtu kweli?” Mkenya yeyote aliyewahi kupigiwa simu na tapeli anajua nguvu ya sauti ya upole. Tapeli hakushindi kwa akili, anakushinda kwa kukuita “mteja wetu mpendwa”.

Hii haimaanishi roboti ni mbaya. Rwanda ilipokuwa ikipambana na Covid-19 mwezi Mei 2020, ilipokea roboti tano kwa usaidizi wa shirika la UNDP. Zilipima joto la watu na kupeleka chakula na dawa, ili wauguzi wasikaribiane na wagonjwa mara nyingi bila sababu. Zilipewa majina ya Kinyarwanda. Mojawapo iliitwa Ikizere, jina lenye maana ya matumaini na imani. Lakini angalia: zilichofaa watu ni kazi yenyewe, kwamba kipimajoto kilisoma sawasawa na dawa ikafika. Jina lilisaidia tu mgonjwa asiogope.

Kwetu Kenya, wengi hatutakutana na roboti yenye magurudumu kesho. Tutakutana na ndugu yake asiye na mwili, yuko kwenye simu tayari. Kuna vijana wanaomweleza mambo ya mapenzi, ya ugonjwa na ya msongo wa mawazo ambayo hawajamwambia hata rafiki. Kuna apu za mikopo zinazoamua kwa sekunde kama unastahili pesa au la, kisha zinakuomba radhi kwa lugha tamu. Ukinyimwa kwa upole, rahisi sana kudhani umetendewa haki.

Hapa sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Kuna hali ambazo sheria inauruhusu, lakini hata hapo unafaa kuarifiwa kwa maandishi, na unaweza kudai uamuzi huo uangaliwe upya. Haki hii haina kazi ikiwa hakuna anayeidai, na hutaidai dhidi ya kitu unachokiona kama beste yako.

Kwa hivyo kabla hujamwaga moyo wako au kitambulisho chako kwa kitu kinachoongea, uliza maswali matatu. Kinafanya kazi gani, na huwa kinakosea wapi? Nani anayekimiliki, na maneno yangu yanaenda wapi? Nikipinga kilichoamua, nitaongea na binadamu gani?

Ukijikuta umesema “ameniambia”, jirekebishe: “imeniambia”. Mwalimu wako wa Kiswahili atafurahi. Na siku ikikuambia uongo, utajua kumtafuta mwenyewe aliyeituma.